Chupa kwenye saruji: shajara ya mradi wetu wa kabro, Kisauni

Januari

Mradi tumeuwekea mipaka mapema ili usitushinde. Tunatengeneza kabro, yaani matofali ya zege ya kutandaza uani, kwenye madrasa ya mtaa wetu hapa Kisauni, uwanja ambao mvua ya masika ikishika huwa tope tupu na watoto huvuka kwa kurukia mawe. Ndani ya kabro hizo, sehemu ya saruji itakuwa unga wa chupa, na sehemu ya kokoto itakuwa vifusi vya nyumba zilizobomolewa. Naandika hatua zote hapa ili vikundi vya Likoni, Changamwe, Jomvu na kwingineko vinavyotaka kujaribu vipate pa kuanzia.

Kabro tumeichagua kwa kuwa haina vyuma ndani. Hewa ya Mombasa ina chumvi, na chumvi ikipenya kwenye zege hadi kwenye chuma, chuma kinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka na kubanduka. Anayetaka kuona aangalie chini ya roshani za majumba ya zamani yaliyo karibu na bahari: vyuma viko nje, vyekundu. Mchanganyiko mgeni hauingizwi kwenye nguzo au dari ya zege (slabu) ambayo watu watalala chini yake kabla haujathibitishwa kwa miaka. Kabro ikivunjika inang'olewa, inawekwa nyingine, na hakuna aliyeumia.

Na kwa nini chupa? Kwenye taka za mji huu karibu kila kitu kigumu kina mnunuzi. Chuma chakavu kinaenda, katoni zinaenda, mitungi ya plastiki inaenda. Chupa za soda na bia hurudi kiwandani kwa sababu mtu ameziwekea amana. Lakini chupa za mvinyo na pombe kali kutoka mahoteli ya Nyali, Bamburi na Shanzu, chupa za sosi, za jemu, za manukato, vioo vya madirisha vilivyovunjika, hivyo havina mwenyewe. Ni vizito, bei yake ni ya chini, na nauli ya lori kuvipeleka kwa wanaoyeyusha inakula faida yote. Vinaishia jaani Mwakirunge, au mitaroni, au ufuoni ambako mtoto anavikanyaga. Kibarani palikuwa jaa miaka na miaka, ukingoni mwa bahari. Jaa lile lilifungwa na miti ikapandwa, lakini taka hazikukoma kwa kufungwa kwake. Zilihama.

Jambo moja tumekubaliana tangu kikao cha kwanza, nalo ndilo ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii: zege si jaa. Taka inaingia kwenye zege ikiwa ina kazi ya kufanya humo. Isiyo na kazi haiingii, iwe nyingi kiasi gani na ituudhi kiasi gani.

Februari, kaskazi bado inavuma

Mwezi huu hatukuchanganya chochote. Tulikaa chini ya mwembe na fundi wetu mkuu, mzee aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, na dada mmoja wa maabara ya uhandisi hapa mjini ambaye amejitolea kutusaidia kupima. Nilitaka kila mmoja wetu aelewe saruji ni nini, maana ukishaelewa hivyo, maswali ya taka mengi yanajijibu.

Saruji ni jiwe la chokaa na udongo vilivyopikwa pamoja kwenye tanuri linalozunguka, kwa joto la kama nyuzi 1450 za selsiasi, mpaka vikawa vinundu vigumu viitwavyo klinka. Klinka inasagwa pamoja na jasi kidogo, inatiwa mfukoni. Shida iko kwenye lile jiwe la chokaa. Likipashwa moto, linaachia hewa ya kaboni dioksidi iliyokuwa imefungwa ndani yake. Zaidi ya nusu ya hewa chafu ya klinka inatoka kwenye jiwe lenyewe wala si kwenye moto unaolipika, kwa hiyo hata tanuri likiendeshwa kwa umeme wa jua, tatizo litabaki. Tani moja ya klinka hutoa karibu tani 0.8 hadi 0.9 ya kaboni dioksidi. Dunia nzima, saruji inabeba asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu.

Sisi wa pwani tuna ushahidi wa karibu wa jambo hili. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe ya kale yaliyo chini ya miguu yetu, na machimbo yakabaki uwanda mweupe usioota hata jani. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi hapo, alianza kujaribu miti, na mvinje ukakubali. Majani yake makavu yakawa hayaozi, akaletewa jongoo wakayala na kuyageuza udongo. Wengi wetu tulipelekwa pale na shule kuona viboko na twiga. Naheshimu sana kazi ile. Lakini msitu ule unaponya shimo ambalo tayari limechimbwa, nami nataka klinka ipungue ili mashimo yenyewe yapungue.

Sasa, saruji ikikutana na maji inazaa vitu viwili. Kimoja ni gundi, ambayo ndiyo nguvu ya zege. Cha pili ni hidroksidi ya kalsiamu, yaani chokaa kama ile waliyoichoma wazee wetu kutoka kwenye matumbawe kwa marundo ya kuni, ile iliyoshikilia kuta za Mji wa Kale na za Ngome ya Yesu tangu miaka ya 1590. Ndani ya zege la leo chokaa hii haina kazi kubwa, imekaa tu. Ukileta silika (madini yaliyo mengi kwenye mchanga) iliyo laini na isiyo na umbo la fuwele, inaungana na chokaa hiyo na kuzaa gundi zaidi. Kitu chenye tabia hiyo kinaitwa pozolana, jina lililotoka Pozzuoli huko Italia, ambako Warumi walichimba majivu ya volkano na kujengea bandari zao. Kioo cha chupa ni silika kwa zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake, karibu asilimia 70, na hakina fuwele. Kwa hesabu hiyo chupa ni pozolana iliyolala mtaroni.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hivyo hiyo chupa inakula ile chokaa iliyobaki?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ikiikosa?"

Swali hilo ndilo lililotuamulia saruji ya kununua. Mifuko ya bei nafuu madukani, ile iliyoandikwa 32.5 (namba ya daraja la nguvu), huwa tayari imechanganywa na pozolana ya volkano kiwandani. Ukisoma maandishi madogo kwenye mfuko utaona CEM II/B-P au CEM IV/B. Kwenye CEM II/B-P sehemu ya pozolana ni kati ya asilimia 21 na 35, na kwenye CEM IV/B inaanzia 36 na kwenda hadi 55. Chokaa yake imeshapata mlaji. Ukiongeza unga wa chupa juu yake unapunguza klinka mara mbili, na chupa haitapata cha kula. Kwa hiyo tunanunua 42.5 yenye klinka nyingi, ingawa ni ghali kidogo, na kupunguza tunapunguza wenyewe. Naomba kila kikundi kinachosoma hapa kigeuze mfuko na kusoma ubavuni kabla ya kulipa.

Machi, kuosha na kusaga

Wazazi waliuliza jambo la haki: chupa za pombe, uani kwa madrasa? Tulimpelekea ustadhi. Alitaka zioshwe kwa maji safi mpaka isibaki rangi, ladha wala harufu, na alikuja mwenyewe kuangalia zinavyooshwa. Ilitokea kwamba kemia nayo inataka vivyo hivyo. Sukari ni adui wa saruji. Hata sehemu moja kwa elfu ya uzito wa saruji inatosha kuchelewesha kuganda kwa saa nyingi, na ikizidi hapo saruji inaweza isigande kabisa. Chupa ya sharubati au ya pombe tamu isiyooshwa inabeba sukari ya kuharibu karai zima.

Kinamama wa kikundi wameshika kazi ya kuosha. Wanaziloweka kwenye pipa usiku kucha, asubuhi karatasi zinabanduka zenyewe, kisha wanasugua mdomo wa chupa kwa makumbi ya nazi, maana pale kwenye mizunguko ya kizibo ndipo uchafu unapojificha. Pete za bati na vizibo vinang'olewa kimoja kimoja kwa koleo. Kazi hii ya pete ndiyo inayochukua muda kuliko zote, na ndiyo ninayotamani tupate kifaa chake.

Hatupokei kila kioo. Skrini za televisheni za zamani zenye kisogo zina madini ya risasi, na mirija mirefu ya taa za mwanga mweupe ina zebaki ndani. Hizo tunazikataa mlangoni hata kama aliyeleta amebeba kwenye mkokoteni kutoka Kongowea.

Sasa usagaji, ambao ndio roho ya mradi. Kioo kwenye zege kina sura mbili zinazopingana. Kikiwa chengachenga za ukubwa wa mchanga au kokoto, alkali za saruji zinaushambulia uso wake na kutengeneza utandu kama ute. Ute huo unafyonza maji, unavimba, na zege linapasuka kutoka ndani, wakati mwingine baada ya miaka. Ugonjwa huu wa zege ulielezwa mwaka 1940 na Thomas Stanton huko California. Lakini kioo hichohicho kikisagwa mpaka kiwe laini kuliko maikroni 75, yaani milimita 0.075, kinaungana na chokaa haraka na kutawanyika kote, wala hakiachi mahali pa uvimbe kukusanyika. Jinsi ulivyokisaga ndiyo tofauti yote. Ndiyo maana nikiona picha za watu wamemwaga vipande vya chupa za rangi kwenye zege la kawaida kwa urembo, moyo unanishtuka.

Chupa zinapondwa kwanza ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko, kwa nondo nzito. Kisha zinaingia kwenye kinu tulichotengenezewa na mchomeleaji wa hapa: bomba pana la chuma lililozibwa pande mbili, ndani yake mipira ya beringi za malori, linazungushwa na mota kwa mkanda. Mzunguko ukiwa wa kasi mno mipira inanata ukutani na kusaga hakuna. Ukiwa wa polepole mno inateleza chini. Fundi anausikiliza kwa sikio. Sauti ikiwa ya mvumo mmoja anaagiza mkanda upunguzwe, anataka asikie mipira ikianguka juu ya mipira.

Unga unaotoka ni mweupe wenye ukijani kwa mbali, na ukiusugua kati ya kidole gumba na cha shahada unateleza kama unga wa ngano. Ukihisi mchangamchanga wowote, unarudi ndani. Kidole ni cha kuanzia tu. Hukumu ni ya chekeche ya maikroni 75 tuliyoazimwa na maabara. Kinachobaki juu ya chekeche kinasagwa tena, bila kusamehewa.

Wote wanaosaga wanavaa barakoa nene na miwani, na mlango wa kinu hufunguliwa vumbi likishatulia. Vumbi la kioo linakwaruza macho na koo. La vifusi ni baya zaidi, kwa kuwa lina silika ya fuwele ambayo huharibu mapafu kwa miaka. Vifusi tunavivunja vikiwa vimelowa.

Mwishoni mwa Machi, vifusi

Hapa nitapita haraka. Vifusi viko tele, kila jengo jipya kisiwani huanza kwa kubomoa la zamani. Tunachukua zege lililovunjwa tu, tunalikata kwa nyundo hadi ukubwa wa milimita 10, tunalichekecha. Mawe ya matumbawe tunayaacha kwa sababu yana vinyweleo vingi mno, na yale ya kuta za karibu na bahari yamejaa chumvi. Mbao zinatolewa. Dari za jasi zinatolewa zote, maana jasi ikizidi ndani ya zege huleta salfati, na salfati nayo huvimbisha. Tukiona kipande chochote cha bati la asbesto la zamani, tunaacha rundo lote palepale na kumwambia mwenye jengo atafute wenye idhini ya kuliondoa.

Kokoto ya vifusi bado ina saruji ya kale imeshikamana nayo, kwa hiyo inakunywa maji kuliko kokoto ya machimbo. Ukiitia kavu itaiba maji ya mchanganyiko mpya. Tunailoweka siku moja kabla, kisha tunaiacha uso wake ukauke kivulini. Tumeiweka asilimia 30 ya kokoto, si zaidi.

Aprili, watu wanaleta vitu

Habari za mradi zimeenea, na karibu kila siku mtu anafika na gunia. Nimeona afadhali niandike tulivyoamua kwa kila kimoja, kwa sababu maswali ni yaleyale.

Plastiki. Inaulizwa kuliko zote. Plastiki haishikani na saruji. Ukiikatakata na kuitia kwenye zege inakaa kama tundu, nguvu inapungua, na zege likichakaa vipande vinaishia baharini. Plastiki ina njia yake nyingine: Nairobi, Nzambi Matee anaiyeyusha pamoja na mchanga na kuigandamiza kuwa matofali ya kutandaza yasiyo na saruji hata kidogo, kazi iliyompa tuzo ya vijana ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Huo ni ufundi tofauti, wenye tanuri na mashine zake. Tunawaelekeza wenye plastiki kwa wanunuzi wa plastiki.

Majivu ya jaa. Kijana mmoja alileta gunia la majivu ya taka zilizochomwa, akasema majivu ni majivu. Tulichanganya kijiko kimoja na saruji na maji ndani ya gilasi, tukaiweka mezani wote waone. Baada ya muda mfupi vipovu vikaanza kupanda, vidogovidogo, mfululizo, na uso wa mchanganyiko ukainuka kupita ukingo wa gilasi. Ni alumini ya makopo na karatasi za sigara: ndani ya alkali ya saruji alumini huachia hewa ya haidrojeni. Kabro ingevimba na kuwa mapovu. Na hapo hatujataja metali nzito za betri zilizochomwa humohumo. Kijana alielewa bila kuambiwa mara mbili, na sasa anatuletea chupa.

Majivu ya vifuu vya nazi. Ningependa sana yangefaa, pwani hii vifuu havina idadi. Lakini yana potasiamu nyingi na silika kidogo, yaani yanaongeza ile alkali tunayoiogopa. Vifuu vina soko la makaa, viende huko.

Majivu ya pumba za mpunga. Haya ni hazina. Pumba ikichomwa polepole, joto lisipite kama nyuzi 700, majivu yake ni silika kwa asilimia 85 au zaidi, na haina fuwele. Ikichomwa kwa moto mkali yanageuka fuwele na kulala. Mpunga hulimwa Kwale na kwenye delta ya Tana, kwa hiyo mali ghafi haiko mbali. Tumeyaweka kwa awamu nyingine kwa kuwa kuchoma kwa joto la kupimwa kunahitaji tanuu maalumu.

Vigae vyekundu vya Mangalore vilivyovunjika kutoka mapaa ya Mji wa Kale. Udongo uliochomwa na kusagwa laini ni pozolana pia. Dada wa maabara amechukua sampuli, na binafsi nina matumaini makubwa na hivi.

Aprili, kuchanganya

Kipimo chetu: saruji kilo 40 na unga wa chupa kilo 10 mahali pa mfuko mmoja wa kilo 50. Tunapima kwa mizani wala si kwa karai, maana kioo ni chepesi kuliko saruji kwa ujazo uleule na karai hudanganya. Saruji na unga wake, mchanga na kokoto ni kwa uwiano wa mafundi wengi, 1 kwa 1.5 kwa 3. Maji lita 22 na nusu, na ni maji matamu ya kununua. Ya kisima cha hapa yana chumvi, yangeacha ukungu mweupe juu ya kabro.

Vita vyetu vikubwa vilikuwa maji. Fundi alitazama mchanganyiko, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii kavu. Haitajaa kwenye kalibu, pembe zitabaki wazi."

"Tuigonge kwanza, mzee. Ikikataa tutazungumza."

Aliweka kalibu juu ya ubao, akagonga ubavu kwa nyundo ya mpira, mfululizo, bila hasira. Mchanganyiko ukakaa, ukateremka, ukaingia pembe zote nne, na mwisho maji membamba yakapanda juu na kung'aa. Akapitisha mwiko mara moja. Hakusema kitu, akaenda kwenye kalibu ya pili. Maji ya ziada humrahisishia fundi kazi ya asubuhi moja, kisha yanakauka na kuacha vinyweleo ambavyo chumvi na mvua vitaingilia miaka yote.

Kabro ni za unene wa milimita 60, za kutembelea kwa miguu. Za kupita magari huwa milimita 80, na hatujaahidi hizo.

Mei, masika

Kabro zimelala chini ya magunia yaliyolowa. Zege la kioo linakomaa polepole kwa kuwa pozolana husubiri saruji izae chokaa kwanza, kwa hiyo likikaushwa mapema linapoteza zaidi kuliko zege la kawaida. Mvua imetusaidia kazi ya kumwagilia. Joto letu pia ni rafiki hapa, linaharakisha kazi ambayo kwenye nchi za baridi huchukua muda mrefu.

Vijiwe vya kupimia, vya milimita 150 kila upande, vilipelekwa maabara vya aina tatu: saruji tupu, chenye asilimia 20 ya kioo, na chenye asilimia 30. Siku ya 7 vya kioo vilikuwa nyuma waziwazi, na baadhi ya wanakikundi walikata tamaa. Niliwaomba wasubiri. Siku ya 28 pengo la kile cha asilimia 20 lilikuwa limepungua sana. Cha asilimia 30 kilikuwa bado kinajikokota.

Julai, kusi

Siku ya 90 kijiwe cha asilimia 20 kilisimama bega kwa bega na saruji tupu. Cha asilimia 30 hakikufika, kwa hiyo hatutaki tamaa: ni asilimia 20.

Kipimo kilichonipa usingizi zaidi ni kile cha kuvimba. Vijiti vya saruji na mchanga vinazamishwa kwenye maji ya hidroksidi ya sodiamu yenye joto la nyuzi 80 kwa siku 14, kisha urefu unapimwa. Kisichozidi asilimia 0.10 kinahesabiwa salama. Vijiti vya unga wetu vilibaki chini ya hapo. Tulitengeneza kwa makusudi na vingine vyenye chengachenga za chupa badala ya mchanga, na hivyo vilipita mpaka. Dada wa maabara alivileta kwenye kikao, tukavipitisha mkono kwa mkono: juu yake kuna nyufa nyembamba zilizosambaa kila upande, na kwenye ufa mmoja ute mweupe umekauka. Vijiti hivyo vimewekwa rafuni penye kinu, kila anayejiunga anaonyeshwa kabla hajafundishwa kusaga.

Sehemu ya kwanza ya uani imetandazwa, kutoka langoni hadi penye mabirika ya udhu. Tumechagua pale kwa kuwa ndipo panapolowa kila siku na kukanyagwa kuliko popote. Mchanga umesindiliwa chini, na mteremko umeelekezwa mtaroni ili maji yasisimame.

Agosti, tulipofika

Gharama. Unga wa chupa si wa bure. Umeme wa kinu na ujira wa kuosha vinakula sehemu kubwa ya pesa inayookolewa kwenye saruji. Kabro yetu inatoka kwa bei ya chini kidogo tu kuliko ya kununua, na ikiwa chupa zinatoka mbali inakuwa ghali zaidi. Hesabu inakaa sawa pale tu chupa zinapotoka jirani na zikiwa zimeshatenganishwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kwetu sisi kioo kinahitaji ndoo yake peke yake, kwa sababu chupa iliyokwisha kuchanganyika na mabaki ya chakula na majivu inahitaji maji mengi kuosha kuliko thamani yake. Meneja wa hoteli moja amekubali kuweka pipa la kioo nyuma ya baa, na chupa za pipa lile zinatufikia karibu safi.

Kikao cha wiki hii kimeamua haya. Kinu kitawekewa kisanduku cha kuzuia vumbi kabla ya kusaga tena. Nusu iliyobaki ya uani itatandazwa kwa mchanganyiko uleule, bila kubadili kipimo hata kidogo, ili tuweze kulinganisha. Kabro chache zinang'olewa kila baada ya masika kwenda kupimwa. Walioomba tuwamwagie msingi wa nyumba kwa zege la chupa tumewajibu hapana, na tumewaeleza sababu ya vyuma. Vigae vya Mangalore vinaanza kusagwa mwezi ujao, na fundi ameshaomba mapema aachiwe yeye asikilize kinu.